Maumivu ya mguu kwa wakimbiaji: neva inapobanwa na picha isipoonyesha kitu

Katika mji wa Iten, magharibi mwa Kenya, ulioko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mguu ni mtaji. Vijana wanaoamka alfajiri kukimbia kwenye barabara za vumbi jekundu wanajua kwamba ushindi mmoja ugenini unaweza kuilisha familia kwa miaka, na kwamba msimu mmoja uliopotea huenda usirudi. Hali ni hiyo hiyo Kapchorwa upande wa Uganda, na Arusha na Mbulu upande wa Tanzania.

Miongoni mwa malalamiko ya wakimbiaji limo moja linalowasumbua waganga kwa namna ya pekee. Mwanariadha huanza mazoezi akiwa mzima. Baada ya dakika 15 au 20 huhisi moto upande wa nje wa muundi, kisha sehemu ya juu ya unyayo huingia ganzi, na pengine hatua zake huanza kupiga chini kwa kishindo kwa kuwa unyayo hauinuki vizuri. Akisimama, hali hutulia polepole. Keshoye anapofika zahanati, mguu hauna uvimbe wala jeraha, na mfupa kwenye picha ya eksirei ni mzima. Hupewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, akaambiwa apumzike wiki mbili. Wiki mbili zikiisha hurudi barabarani, na mambo yakaanza upya.

Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni neva iliyobanwa. Hakiongozi kwa idadi, kwani mifupa iliyochoka na misuli iliyochanika huwapata wakimbiaji wengi zaidi. Hata hivyo ni chanzo kinachokosewa kwa urahisi, kwa sababu dalili zake hujificha mgonjwa anapopumzika, na mgonjwa hupimwa akiwa amepumzika.

Lugha nayo huchangia. Katika Kiswahili cha kila siku neno "mshipa" hubeba mzigo mkubwa kupita kiasi: ni njia ya damu, ni kano inayounganisha msuli na mfupa, ni neva, na katika baadhi ya maeneo ni ngiri. Mkimbiaji anaposema mshipa umekaza, mganga hana budi kuuliza zaidi. Kinachokaza na kuuma kwa kuvutwa huwa ni msuli au kano. Kinachochoma kama moto, kinachotambaa kama sisimizi chini ya ngozi, kinachopiga kama umeme au kuacha ganzi, huelekeza kwenye neva.

Mahali neva zinapopita kwenye kona nyembamba

Neva kubwa ya siatiki hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Juu kidogo ya goti hugawanyika mara mbili. Tawi moja, neva ya tibia, hushuka katikati ya shavu la mguu hadi nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha huingia chini ya unyayo. Tawi la pili, neva ya peronea, huzunguka shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa nje ya mguu, kwa chini kidogo ya goti. Hapo neva hiyo hukaa juu ya mfupa ikiwa imefunikwa na ngozi na mafuta machache tu. Mtu anaweza kuigusa kwa kidole. Wembamba wa kinga hiyo ndio unaoifanya iwe miongoni mwa neva zinazoumia mara nyingi zaidi katika mguu.

Baada ya shingo ya fibula, neva ya peronea hugawanyika tena. Tawi la ndani huendesha misuli inayoinua unyayo na vidole, na huleta hisia kwenye kipande kidogo cha ngozi kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Tawi la juu hushuka kando ya muundi na kutoboa utando mgumu unaofunika misuli, kwa kawaida kama sentimita 10 hadi 12 juu ya kifundo, ndipo lifike kwenye ngozi ya juu ya unyayo. Tundu hilo la utando ndilo linalowatesa wakimbiaji. Misuli hujaa damu na kuvimba wakati wa mazoezi, lakini utando hautanuki. Kwa baadhi ya watu msuli huchomoza kupitia tundu hilo na kuikaba neva. Uvimbe mdogo laini unaojitokeza kando ya muundi baada ya kukimbia, na kutoweka baadaye, ni ushahidi wa thamani ambao mgonjwa mara nyingi hautaji kwa sababu hauoni kuwa na maana.

Tawi la ndani nalo hubanwa mbele ya kifundo, chini ya mikanda inayoshikilia kano zisiruke. Hapa lawama huangukia vitu vidogo: kamba za kiatu zilizokazwa mno, ulimi wa kiatu uliojikunja, ufunguo wa nyumba uliofungwa chini ya kamba wakati wa mazoezi, au mazoezi ya tumbo yanayofanywa unyayo ukiwa umenaswa chini ya chuma. Ni visa vinavyopona kwa kulegeza kamba, na inasikitisha kwamba baadhi ya watu huvibeba kwa miezi.

Upande wa ndani wa kifundo, neva ya tibia hupita kwenye njia nyembamba yenye mfupa upande mmoja na mkanda mgumu upande mwingine, pamoja na mishipa ya damu na kano tatu. Unyayo unaolala sana kuelekea ndani, kifundo kilichowahi kuteguka, mishipa ya damu iliyovimba au kifuko cha maji kilichoota humo hupunguza nafasi. Mgonjwa huhisi moto chini ya unyayo, hasa akiwa amesimama muda mrefu au usiku. Tawi moja dogo linaloelekea kisigino likibanwa, maumivu hufanana mno na ya utando wa chini ya unyayo kiasi kwamba magonjwa hayo mawili huchanganywa mara kwa mara.

Mbele zaidi, kati ya kidole cha tatu na cha nne, neva ndogo inaweza kunenepa kwa kusuguliwa kati ya vichwa vya mifupa. Daktari Thomas Morton wa Philadelphia aliyaeleza maumivu ya eneo hilo mwaka 1876, na hadi leo tatizo hilo hubeba jina lake. Wagonjwa husema wanahisi kama wamekanyaga kokoto. Viatu vyembamba mbele, vikiwemo vile vya misumari vya uwanjani, huzidisha hali hiyo.

Juu ya goti visa ni vichache zaidi. Mkanda au nguo inayobana kiunoni inaweza kuikandamiza neva ya ngozi ya paja na kuleta ganzi upande wa nje wa paja, bila udhaifu wowote wa msuli. Wachezaji wa soka huweza kubanwa neva inayopita kwenye misuli ya kinena, wakahisi paja la ndani likidhoofika kadiri mchezo unavyoendelea.

Kumpima mgonjwa baada ya kukimbia

Uchunguzi mzuri huanza na maswali. Maumivu huanza baada ya muda gani, hukaa mahali gani, huambatana na ganzi, hutulia baada ya dakika ngapi? Je, kiatu kimebadilishwa? Je, mwanariadha amepungua uzito ghafla? Mafuta kidogo yanayoikinga neva ya peronea kwenye shingo ya fibula hupungua pamoja na uzito, na mkimbiaji anayejinyima chakula ili awe mwepesi huipoteza kinga hiyo bila kujua. Kukaa kwa muda mrefu mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine, kuchuchumaa kwa saa nyingi shambani, plasta iliyofungwa ikabana, hata barafu iliyowekwa muda mrefu moja kwa moja upande wa nje wa goti, vyote vinajulikana kuidhuru neva hiyo.

Kisha mgonjwa huchorewa mpaka wa ganzi kwenye ngozi kwa kutumia pamba au ncha butu ya sindano, kwa kuwa kila neva ina eneo lake. Misuli hupimwa nguvu mmoja baada ya mwingine. Halafu mganga hugongagonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva. Ikiwa mgongo huo wa kidole unarusha mchonyoto kuelekea vidoleni, hapo neva ina kasoro. Alama hiyo ilielezwa mwaka 1915 na Mfaransa Jules Tinel aliyekuwa akiwatibu majeruhi wa vita, na mwaka huo huo Mjerumani Paul Hoffmann akaieleza kwa upande wake. Zaidi ya karne moja baadaye bado haina gharama na bado inasaidia, ingawa watu wazima wasio na ugonjwa nao wanaweza kuruka kidogo wakigongwa.

Hatua inayosahauliwa ni rahisi kuliko zote: mgonjwa atumwe nje akakimbie mpaka dalili zitokee, kisha apimwe papo hapo. Udhaifu usioonekana asubuhi unaweza kuonekana wazi baada ya kilomita tano. Zahanati iliyo kando ya barabara ya mazoezi, hata isiyo na mashine yoyote, ina nafasi nzuri ya kufanya hivyo kuliko hospitali kubwa ya mjini.

Magonjwa yanayofanana

Kabla ya kusema neva imebanwa, yapo mengine ya kuondoa mezani. Maumivu yaliyoenea kwenye ukingo wa ndani wa muundi, yanayouma kwa kubonyezwa kwa urefu wa sentimita kadhaa, kwa kawaida ni ya mfupa na utando wake. Yakiwa kwenye nukta moja, na yakaendelea hata usiku, ufa wa mfupa unapaswa kushukiwa, na eksirei ya mapema inaweza isiuone.

Ipo pia hali ya misuli kukosa nafasi ndani ya utando wake wakati wa mazoezi. Mguu hujaa na kuwa mgumu kama ubao, na neva iliyomo ndani hubanwa kama mpita njia kwenye msongamano. Hali hiyo hupimwa kwa sindano inayosoma shinikizo ndani ya misuli. Kwa vigezo vilivyopendekezwa na Pedowitz na wenzake mwaka 1990, shinikizo la milimita 15 za zebaki au zaidi kabla ya mazoezi, 30 dakika moja baada ya mazoezi, au 20 baada ya dakika tano, huunga mkono utambuzi huo. Kwa wanariadha vijana, mshipa wa damu nyuma ya goti nao unaweza kubanwa na msuli, unyayo ukawa baridi na mweupe wakati wa kukimbia.

Mgongo hauna budi kuchunguzwa. Pingili za chini ya kiuno zikikandamiza mzizi wa neva, unyayo unaweza kushindwa kuinuka sawasawa na pale neva ya peronea inapobanwa gotini. Tofauti hupatikana kwa kumwomba mgonjwa ageuze unyayo kuelekea ndani dhidi ya mkono wa mganga. Misuli ya kazi hiyo huendeshwa na neva ya tibia, kwa hiyo hubaki na nguvu ikiwa tatizo liko kwenye shingo ya fibula, lakini hudhoofika ikiwa tatizo liko kwenye mzizi mgongoni, maana nyuzi zote hizo hutoka mahali pamoja. Ni jaribio la sekunde kumi linaloweza kuokoa gharama ya picha isiyohitajika.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo ambalo vitabu vya tiba ya michezo vya Ulaya hulipitia haraka. Ukoma hushambulia neva, na neva ya peronea kwenye shingo ya fibula ni mojawapo ya zile unazozipendelea. Tanzania bado husajili wagonjwa wapya kila mwaka. Neva iliyonenepa kama kamba chini ya kidole, pamoja na baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, haitatibiwa kwa kubadilisha viatu. Dawa zake zipo, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa bila malipo tangu 1995. Kisukari, upungufu wa vitamini B12 na virusi vya Ukimwi navyo huharibu neva, ila kwa kawaida huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, tofauti na neva moja iliyobanwa.

Kazi ya mashine

Kipimo cha umeme wa neva hutuma mshtuko mdogo na kuhesabu kasi ya mawimbi yanayopita. Mawimbi yakipungua kasi kwenye shingo ya fibula, mahali pa tatizo pamejulikana. Sindano nyembamba inayowekwa kwenye msuli hueleza kama nyuzi zimekatika, lakini dalili hizo huchukua takribani wiki tatu kujitokeza, hivyo kupima siku ya pili baada ya kuumia kunaweza kutoa jibu la uongo. Kwa wale ambao neva yao hubanwa wakati wa kukimbia tu, kipimo kinaweza kuwa safi kabisa. Jibu safi halimaanishi kwamba mgonjwa anajifanya.

Ultrasaundi imekuwa msaada mkubwa kwa sababu huionyesha neva ikitembea, huonyesha vifuko vya maji na misuli iliyochomoza, na ni nafuu kuliko picha ya sumaku. Daktari anaweza pia kuchoma dawa ya ganzi kidogo pale anaposhuku, kisha mgonjwa akakimbie. Maumivu yakitoweka, mahali pamethibitika. Kwa wakimbiaji wa Iten, hospitali kubwa ya karibu ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iliyoko Eldoret. Kwingineko katika ukanda huu, mashine za kupima umeme wa neva hupatikana zaidi kwenye hospitali kubwa za miji, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuheshimu uchunguzi wa mikono.

Tiba bila kisu, na tahadhari ya dawa

Wagonjwa wengi hawahitaji upasuaji. Kinachobana huondolewa: kamba hulegezwa au huruka matundu yaliyo juu ya neva, kiatu hubadilishwa kipate nafasi mbele, soli ya kuunga unyayo huwekwa kwa anayelalia ndani, na mazoezi ya kilima na kasi hupunguzwa kwa wiki kadhaa. Mtaalamu wa tiba ya viungo hufundisha namna ya kuitelezesha neva taratibu ndani ya njia yake, na huimarisha nyonga na kifundo. Anayechua kwa nguvu shingo ya fibula kwa imani ya kulegeza mshipa huongeza shinikizo mahali ambapo lilipaswa kupungua.

Vidonge vya kawaida kama ibuprofeni husaidia kidogo maumivu ya neva. Amitriptilini na gabapentini husaidia baadhi ya watu, kwa gharama ya usingizi na uzito wa kichwa. Sindano ya steroidi kando ya neva hupunguza uvimbe, nayo ndiyo yenye mtego kwa mwanariadha. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Shirika la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni limepiga marufuku sindano zote za kundi hilo katika kipindi cha mashindano, zikiwemo zile zinazochomwa mahali pamoja tu. Kila dawa ina muda wake wa kutoka mwilini, na triamsinoloni hukaa muda mrefu. Mkenya aliyeshinda mbio za wanawake za Boston Marathon mwaka 2021 alivuliwa ushindi baada ya mabaki ya dawa hiyo kupatikana kwenye sampuli yake. Tramadoli nayo imekatazwa mashindanoni tangu 1 Januari 2024. Daktari wa zahanati anaweza asijue haya, na mbele ya sheria za michezo anayewajibika kwa kilichomo mwilini ni mwanariadha mwenyewe. Inafaa atamke kabla ya sindano kwamba anashindana, na adai cheti kinachotaja dawa, kipimo na tarehe.

Upasuaji hufikiriwa pale miezi kadhaa ya tiba hizo inapopita bila nafuu, au pale kifuko cha maji kinapoonekana kikikandamiza. Daktari hukata mkanda au utando unaobana na kuiacha neva huru. Kwenye shingo ya fibula, na popote palipo na uvimbe dhahiri wa kuondoa, matumaini ni mazuri. Kwenye tundu la kando ya muundi na nyuma ya kifundo matokeo hayana uhakika huo, hasa kwa mwanariadha anayetaka kurudi kwenye kasi yake ya zamani. Kwa tatizo la Morton, neva yenyewe inaweza kukatwa, na mgonjwa hubaki na ganzi ya kudumu kati ya vidole viwili, jambo ambalo wengi huliona afadhali kuliko maumivu.

Pale kusubiri kunapodhuru

Unyayo uliogoma kuinuka ghafla, udhaifu unaoongezeka wiki hadi wiki, au mguu uliojaa na kuuma kupita kiasi baada ya kuumia, havipaswi kusubiri miadi ya mwezi ujao. Hali ya mwisho ni ya dharura ya saa chache, kwa sababu misuli na neva zinaweza kufa ndani ya utando wake.

Sababu ya haraka hiyo imo katika namna neva inavyoumia. Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha ya neva katika ngazi tatu. Katika ya kwanza, ganda la neva limeharibika ila nyuzi ziko nzima, na mgonjwa hupona kwa siku au wiki. Katika ya pili nyuzi zimekatika ndani ya mfereji wake, nazo huota upya kwa mwendo wa takribani milimita 1 kwa siku. Katika ya tatu neva imekatika kabisa. Msuli ulio sentimita 30 kutoka mahali pa jeraha husubiri karibu miezi kumi, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva hunyauka kiasi cha kutoweza tena kuitika.

Mfano unaojulikana unatoka katika futiboli ya Marekani. Tarehe 1 Januari 2016 Jaylon Smith, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Notre Dame, alikatika kano za goti, na neva yake ya peronea ikaumia kwa kuvutwa. Unyayo wake ukashindwa kuinuka. Aliyetarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa kwanza alichukuliwa wa 34, na Dallas Cowboys, akakaa nje msimu mzima wa 2016. Mwaka 2017 alirudi uwanjani akiwa amevaa kifaa cha kushikilia unyayo, na kwa msimu wa 2019 akateuliwa kucheza mchezo wa nyota wa ligi hiyo. Neva yake ilivutwa, haikubanwa, lakini kalenda ya kuota upya ni ile ile.

Kwa mkimbiaji anayerejea baada ya neva kuachiwa, mpango wa kawaida huanza na kutembea, kisha dakika chache za kukimbia polepole kwenye uwanja tambarare, siku moja ikiachwa kati. Kipimo cha kuongeza ni ganzi. Ikirudi, umbali hupunguzwa hadi ule wa mwisho ambao haikuonekana, na kilima husubiri.